Ada ya kulipia stima na maji: mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi

Jua likizama upande wa ziwa hapa Kisumu, mita za stima huanza kulia mitaani Nyalenda, Manyatta na Obunga. Mlio ule kila mtu anaujua: tokeni zinakaribia kwisha. Mwenye nyumba hutoa simu, huingia M-Pesa, huandika nambari ya Paybill ya Kenya Power, kisha nambari ya mita, kisha kiasi alicho nacho. Mara nyingi si elfu wala mia tano. Ni mia mbili. Ujumbe unaingia, nambari ishirini za tokeni zinabonyezwa kwenye mita, taa inaendelea kuwaka.

Ndani ya ujumbe ule wa M-Pesa kuna mstari mmoja ambao wengi wetu hatuusomi: gharama ya muamala. Huwa ni shilingi tano, kumi, kumi na tano. Kwa kuwa ni kidogo, hakuna anayegomba. Lakini wazee walisema bandu bandu huisha gogo, na makala haya ni ya kulipima gogo lenyewe: ni nani anayelichonga, na ni la nani linalokwisha.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Kisumu na kazi, na naandika kwa ndugu zangu wa Pwani kwa sababu jambo hili halina ziwa wala bahari. Viwango vinavyomkata mtu wa Nyalenda ndivyo vinavyomkata mtu wa Likoni, Kisauni, Malindi na Lamu. Tofauti ni kwamba huku ziwani mambo yanaonekana wazi zaidi, kwa vile watu wengi wanaishi kwa kipato cha siku, na kipato hicho hakiji sawasawa.

Pesa zinazokuja kwa mwezi wa angani

Tumchukue mama mmoja anayeuza omena ufuoni Dunga. Simtaji mtu, ni mfano tu, lakini wako wengi wa namna yake. Omena huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wakiwasha taa majini ili samaki wazifuate. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazifai kitu na mashua hupumzika. Wavuvi wetu wa Pwani wanaohesabu bamvua na maji mafu wataelewa mara moja. Kuna siku za kupata na siku za kungoja, na mwenye kuziamua ni mbingu. Juu ya hayo kuna miezi ambayo serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane.

Mama huyu hawezi kununua tokeni za shilingi elfu mbili mwanzo wa mwezi, maana kwake hakuna mwanzo wa mwezi. Ananunua za mia mbili leo na za mia mbili keshokutwa. Maji ni hivyo hivyo. Mwenye boda boda pale Kondele, fundi wa Kibuye na kibarua wa mjengo wote wananunua vivyo hivyo. Hawafanyi hivyo kwa kukosa akili ya kupanga. Wanapanga kulingana na wanachopata.

Na hapo ndipo ada inapowangojea.

Tufanye hesabu

Kampuni inayopokea malipo kwa Paybill huchagua mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza, kampuni inalipa gharama yote na mteja halipi kitu. Ya pili, wanagawana. Ya tatu, mteja anabeba mzigo wote. Katika njia hii ya tatu, malipo ya shilingi 100 kurudi chini hayana ada. Kuanzia 101 hadi 500 mteja hulipa shilingi 5. Kuanzia 501 hadi 1,000 hulipa 10. Kuanzia 1,501 hadi 2,500 hulipa 20. Ngazi zinapanda hivyo hadi zinapofika 108 kwa malipo makubwa ya zaidi ya 45,000, na hapo zinasimama.

Sasa tuwaweke watu watatu pamoja. Wa kwanza ni mama wa omena, anayenunua kwa mia mbili mara kumi katika mwezi. Jumla ni shilingi 2,000, na ada ni 50. Wa pili ni mwalimu mwenye mshahara, anayenunua za 2,000 kwa mara moja. Ada yake ni 20. Wa tatu ni mwenye hoteli, anayelipa bili ya 50,000. Ada yake ni 108.

Mama amelipa senti mbili na nusu kwa kila shilingi aliyonunulia stima. Mwalimu amelipa senti moja. Mwenye hoteli amelipa karibu moja ya tano ya senti. Kwa kila shilingi ya stima, mama amelipa ada mara kumi na zaidi kuliko mwenye hoteli, na wote watatu wametumia mitambo ile ile, nyaya zile zile na simu ya aina ile ile.

Mtu atasema: basi mama na anunue za mia mia, ambazo hazina ada. Ni kweli, na wengi wamekwisha kuligundua hilo. Lakini tokeni za mia ni za siku moja au mbili kwa nyumba yenye friji ndogo ya kuhifadhia samaki. Tukimwambia mtu aamke kila asubuhi anunue stima ya mia ili aikwepe ada, tumemwongezea kazi nyingine juu ya kazi alizo nazo.

Tofauti kati ya mama na mwalimu ni shilingi 30 kwa mwezi, yaani 360 kwa mwaka. Sitatia chumvi: hizo hazimfilisi mtu. Lakini ni bei ya pakiti mbili za unga, au karibu yake, na hapo tumehesabu stima peke yake. Maji bado. Karo bado. Pesa za kumtumia mzazi Mbita au Rusinga bado. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutuma shilingi 500 ni 7, na mpokeaji akizitoa kwa wakala hukatwa 29. Hizo ni 36 juu ya 500, zaidi ya asilimia saba, kwa pesa zilizovuka ghuba tu.

Kodi ndani ya ada, ada juu ya kodi

Sehemu ya ada hii haiendi kwa kampuni ya simu. Inakwenda Hazina ya Taifa. Ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 10. Mwaka 2018 ukapandishwa hadi 12. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaufikisha 15. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka uwe 20, na sote tunakumbuka yaliyotokea: vijana walijaa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko, na tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais akatangaza kuuondoa mswada huo. Asilimia 20 ikaanguka pamoja nao.

Lakini 15 ilibaki. Na kumbuka kwamba bili yenyewe ya stima imekwisha kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, pamoja na gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru wa kusambaza stima vijijini na tozo nyinginezo. Kwa hiyo mama wa omena analipa kodi kwa stima, kisha analipa ada kwa kule kulipa, na ndani ya ada ile mna kodi tena.

Majirani zetu wamepitia haya. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza asilimia moja ya miamala ya simu. Makelele yakawa makubwa, na kabla ya mwaka kwisha kiwango kilishushwa hadi nusu ya asilimia na kuwekwa kwenye kutoa pesa tu. Tanzania ilileta tozo ya miamala Julai 2021, ikaipunguza kwa asilimia 30 baada ya miezi michache, ikaendelea kuipunguza, na mwaka 2023 ikaiondoa kwenye kutumiana pesa. Tanzania hiyo hiyo, tangu Agosti 2021, ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU: ukinunua umeme, kodi ya nyumba inakatwa humo humo. Kila serikali ikishaona kwamba watu wote wanapita mlango mmoja kulipa, inashawishika kuweka kibanda cha ushuru mlangoni.

Mlango wetu unaitwa 222222

Hapa Kenya mlango huo tunaujua. Ni eCitizen, na nambari yake ya malipo ni 222222. Serikali iliamua kwamba huduma zake zote zilipiwe hapo, na kwa kila muamala ikawekwa ada ya shilingi 50 iliyoitwa ya kumrahisishia mteja. Shilingi 50 kwa kila mtu, awe analipa mia tano au laki tano.

Januari 2024 Wizara ya Elimu iliagiza karo za shule zipite njia hiyo. Jambo likapelekwa mahakamani. Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba agizo lile lilikwenda kinyume cha Katiba, na kwamba kumtoza mzazi shilingi 50 kila anapolipa karo hakukuwa na msingi wa kisheria. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema wazi kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa isipokuwa kwa sheria.

Kwa nini naileta kesi ya karo katika mazungumzo ya stima na maji? Kwa sababu swali ni moja: je, mtu anaweza kulazimishwa kulipa kwa njia moja, kisha akatozwa kwa kuitumia? Na kwa sababu hatari iliyo mbele yetu ni kwamba ada ya namna hii, ya kiwango kimoja kwa wote, inaweza kuwafikia watoaji wa huduma za nyumbani. Bili ya maji ya shilingi 500 ikiongezwa 50, hiyo ni asilimia kumi. Bili ya 50,000 ikiongezwa 50, hiyo ni senti kumi kwa kila shilingi mia. Ngazi za Paybill, pamoja na kasoro zake, ni afadhali kuliko hivyo.

Maji ya Nyalenda

Kwenye maji, mtu wa Kisumu ana funzo la kutupa. KIWASCO, kampuni ya maji ya jiji, huvuta maji ziwani pale Dunga na kwenye mto Kibos kupitia mtambo wa Kajulu. Lakini katika mitaa kama Nyalenda, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, haikuweza kumfikia kila mtu kwa mita yake. Ikabuni mpango wa kuuza maji kwa jumla kwa waendeshaji wa mtaani, nao wakayagawa kwa mabomba yao na vibanda. Ulikuwa mpango mzuri kwa wakati wake, na wengine walikuja kuuiga.

Ila kila mkono unaopita maji unaacha bei yake. Anayechota kibandani hulipa kwa mtungi. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 5: mitungi hamsini ni lita elfu moja, na hizo ni shilingi 250. Mwenye bomba ndani ya nyumba haulizwi bei ya mtungi. Watu wa Mombasa wanaonunua maji ya mkokoteni mabomba yakikauka hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa weka ada ya simu juu ya hayo. Aliye na mita yake hulipa bili mara moja kwa mwezi na kukatwa mara moja. Asiye nayo hulipa kidogo kidogo, kwa sarafu ikiwa anazo, kwa simu ikiwa hana. Kwa hiyo ada imemfuata yule yule ambaye maji yake tayari ni ghali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Bei ya kuyafikia ni sehemu ya haki hiyo.

Upande wa pili wa shilingi

Tusimwonee mtu. Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, kulipa stima kulitaka safari. Mtu wa Mbita au Usenge alipanda matatu, au alivuka maji kwanza, akapanga foleni, akalipa, akarudi jioni siku imekwisha. Nauli peke yake ilizidi ada yoyote ya leo. Na mitambo haiendeshwi kwa dua. Kuna mawakala wa kulipwa na kuna wezi wa mtandaoni wa kuzuiwa. Gharama ipo, na haitoweki kwa kuitukana.

Swali langu ni nani aibebe.

Fikiria faida anayopata muuzaji wa stima kwa mita ya tokeni. Analipwa kabla hajatoa huduma. Hamtumi mtu kusoma mita. Hatumi mafundi kukata nyaya za wadaiwa. Haweki makarani wengi dirishani, wala hasafirishi masanduku ya noti kwenda benki. Mteja ndiye anayemkopesha muuzaji sasa, maana pesa hutangulia na stima hufuata. Akisha kupata faida zote hizo, mbona gharama ya kukusanya iwe ya mteja? Duka la mtaani lenye nambari ya tili haliwezi kumwambia mteja aongeze ada. Mwenye duka ndiye hukatwa. Kama mwenye duka la Kaloleni anaweza kuimeza gharama hiyo, kampuni kubwa ya umma haishindwi.

Kwingine wamekwisha kuliamua. Uingereza ilipiga marufuku tangu Januari 2018 kumtoza mnunuzi ada ya ziada kwa sababu amelipa kwa kadi. Kama kuna gharama, iingie kwenye bei, wote waione. Brazil, kupitia Benki Kuu yake, ilianzisha Novemba 2020 mfumo wa Pix, ambao mtu wa kawaida hulipa bila ada. Hata sisi tulijaribu. Korona ilipoingia Machi 2020, ada za kutumiana hadi shilingi 1,000 ziliondolewa, na zikakaa bila kutozwa hadi mwisho wa mwaka ule. Kampuni hazikuanguka. Watu walizidi kutumia simu.

Tudai nini

Jambo la kwanza ni kuonekana. Ujumbe wa tokeni umeshatenga pesa za stima na pesa za tozo nyingine. Ada ya kulipa haimo, inakuja kwa ujumbe mwingine kutoka kampuni nyingine, na kwa hiyo hakuna anayeihesabu kama bei ya stima. Iwekwe pamoja, kwa mwezi na kwa mwaka.

La pili, ada ihesabiwe kama sehemu ya bei na wadhibiti. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo inayoidhinisha bei ya stima. Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, ndiyo ya maji. Ngazi za stima zilizoanza Aprili 2023 zilimwekea anayetumia uniti 30 kurudi chini bei nafuu, shilingi 12.22 kwa uniti kabla ya nyongeza, dhidi ya 20.97 kwa anayepita uniti mia. Makusudi yake ni kumhurumia mnyonge. Haina maana mkono mmoja umpunguzie kwenye uniti na mwingine umwongezee kwenye kulipa. Malipo ya stima na maji hadi shilingi 1,000 yasiwe na ada kwa mteja, kama ilivyowezekana mwaka 2020.

La tatu, ada ya kiwango kimoja kama ile ya shilingi 50 isiguse kabisa bili za nyumbani, na anayetaka kulipa kwa noti apate mahali karibu pa kulipia bila kutozwa. Lazima na ada havikai nyumba moja.

Haya hayataletwa na malalamiko ya barazani. Sheria inataka wananchi wasikizwe kabla ya bei mpya kuidhinishwa, na viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023 vilipangiwa kufika mwaka wa fedha wa 2025/26. Mikutano hiyo huitwa, hutangazwa gazetini, na mara nyingi viti huwa vitupu au vimejaa mawakili wa viwanda. Wenye viwanda huenda kwa sababu wamepiga hesabu yao. Sisi nasi tupige yetu. Chukua simu yako leo, soma ujumbe wa miezi mitatu, andika kwenye karatasi kila ada uliyokatwa kwa stima na maji, ujumlishe. Karatasi hiyo moja, ikisomwa na mama wa Dunga mbele ya mdhibiti Kisumu na ikisomwa na mama wa Likoni mbele ya mdhibiti Mombasa, ina uzito kuliko makala haya.